Bati jipya limeota unga mweupe kabla sijaezeka: feki, kutu au kemikali?

#1 Mpangaji Mstaafu
Wakuu, salaam. Mwezi wa tatu nilinunua bati 84 nyeupe (zisizopakwa rangi), geji 30 kwa unene, migongo midogo, za kibanda changu Kibaha. Mbao zikachelewa, kenchi hazijaisha, masika yakaingia. Nikazipanga uani juu ya matofali, nikafunika turubai, nikakaza kamba kila upande. Nilijiona mjanja.

Juzi, wiki ya sita, fundi kaja tumefunua. La juu kabisa linang'aa. Kuanzia la pili kwenda chini kuna mabaka meupe kama mtu kamwaga unga wa muhogo, ukigusa vumbi linabaki kidoleni. Mengine kingo zimekuwa nyeusi. Halafu machache yana kibonyeo kidogo kinachojirudia kwa mstari.

Fundi anasema ni feki. Muuzaji anasema ni kemikali ya kiwandani, mvua mbili tu inaondoka. Jirani anasema ni chumvi ya melini. Nimwamini nani? Nawasilisha.

#2 Kausha Mjini
Umepigwa mkuu. Pole sana. Uzi ufungwe.

#3 Dada wa Hadiwea
Usifungwe bado. Mimi nipo dukani mwaka wa saba na malalamiko haya huja kila masika, kiangazi siyasikii. Feki gani hiyo yenye msimu?

Kilichokuponza ni hilo turubai ulilolikaza. Maji yakishaingia katikati ya bati mbili zilizolaliana hayatoki. Hata kama mvua haikupenya, usiku bati linapoa, alfajiri linatoka jasho, na jasho hilo linabaki humo humo. La juu limepona kwa sababu lilikuwa linapumua. Ungezisimamisha kwa mshazari ukutani, ndani, na vijiti katikati, tusingekuwa hapa.

#4 Koili ya Usiku
Dada #3 amesema kweli, naomba niongeze sababu. Nilifanya miaka tisa kwenye laini ya kupaka zinki upande wa Kenya, zamu ya usiku, ndiyo jina langu hapa.

Zinki ikikutana na maji hutengeneza kitu cheupe, laini, kisichoshika. Ikiwa juu ya paa, hewa inapita, kile cheupe kinakutana na hewa ukaa na taratibu kinageuka tabaka gumu la kijivu linaloilinda zinki iliyobaki chini. Ndiyo maana bati la zamani hufifia likapoteza mng'ao na bado likadumu. Lakini maji yakibanwa kati ya bati mbili, hewa haifiki, lile tabaka gumu halijengeki, na zinki inaendelea kuliwa. Unga unaouona ni zinki yako uliyoilipia.

Kwa hiyo muuzaji anaposema mvua itaondoa, ni kweli itaondoa. Haitakurudishia.

#5 Kausha Mjini
Kwa hiyo zinki inataka hewa kama mgonjwa wa pumu. Haya.

#6 Mtu wa Bububu
Assalaam alaykum. Huku kwetu Unguja suala hili tumelizoea, na mie namuunga mkono yule jirani. Chumvi. Nyumba ya marehemu baba iko hatua chache na maji. Bati la juu linalopigwa na mvua lilikaa vizuri tu, lakini upenu wa chini, pale mvua haifiki kuosha, ulitoboka mapema kuliko pengine pote. Watu wanadhani mvua ndiyo adui. Kwa sisi wa pwani mvua ndiyo inayokosha bati.

#7 Koili ya Usiku
#6, la upenu nakubali asilimia mia, sehemu isiyooshwa huanza kufa. Ila huyu yuko Kibaha.

#8 Mtu wa Bububu
Kibaha si Mkoa wa Pwani?

#9 Dada wa Hadiwea
Ni Pwani kwa jina, bahari huioni hata ukipanda mnazi 😂

#10 Mla Chaki
Samahani wadau, mimi ni mwalimu na kuna jambo linanikera tangu #4. Mnamweleza mtu hali ya bati lake bila kuwa na jina la hali yenyewe. Mafundi wengine husema kutu nyeupe. Kutu ni ya chuma! Ni nyekundu, ina asili ya chuma, haiwi nyeupe. Mimi napendekeza ukungu wa zinki.

Na tukienda mbali zaidi, hata neno lenyewe. Bati kwenye kamusi ni madini, yale ya kuunganishia nyaya na kupakia makopo. Hili la kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki, halina bati hata chembe. Tumeliita kwa jina la mtu mwingine.

#11 Nyundo ya Mpira
Mwalimu, ukungu unaota kwenye mkate. Ukimwambia mteja bati lake lina ukungu atakuuliza dawa ya kuua fangasi bei gani.

#12 Mzee wa Kenchi
Nimepaua tangu 1988, sasa nimeacha, magoti. Kundi letu tulikuwa na majina yetu na tulielewana bila kamusi. Unga ni huo wa #1. *Upara* ni pale zinki haikushika kabisa, unaona kidoa cha chuma kitupu, hicho kitakuwa chekundu wiki ya kwanza. *Vipele* ni vile vidonge vigumu juu ya bati, ukipitisha kiganja vinakwaruza. *Tumbo* ni bati lililotuna katikati likawa linapiga mlio ukilikanyaga. Na *madoa ya grenda*, hilo la kujitakia. Kijana anakata bati kwa grenda juu ya paa, cheche zinadondokea kwenye bati zingine na kung'ang'ania, mvua ikinyesha paa zima lina vidoadoa vya kutu. Mteja anakwenda kumgombeza mwenye duka. Kata kwa mkasi, jamani.

#13 Koili ya Usiku
Mzee #12 heshima yako. Nikupe asili ya hayo majina yako.

Chuma kinakuja kwetu kikiwa koili, yaani bamba refu lililoviringishwa, kimeshabanwa kwa moto hadi milimita mbili hivi. Kinaoshwa kwa asidi kutoa magamba, halafu kinabanwa tena kikiwa baridi, rola juu rola chini, mpaka kinakuwa 0.3. Kinapitishwa tanuruni kilegee, kisha kinazama kwenye zinki iliyoyeyuka. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 na ushee, sisi birika tunaliweka kama 450 hadi 460. Kikitoka tu kinapulizwa na visu vya hewa pande zote mbili kupangusa zinki ya ziada. Unene wa zinki unaamuliwa hapo kwenye visu na kwenye mwendo wa laini.

Upara maana yake chuma kiliingia birikani kichafu, mafuta au magamba yamebaki, zinki ikakataa kushika. Vipele ni taka za birikani, chuma kidogo kimechanganyika na zinki na alumini kikaganda, kikapanda na bati. Tumbo ni rola hazikubana sawa, katikati kumerefuka kuliko kingoni. Mwisho kabisa bati hupakwa dawa nyepesi ya kuzuia huo unga, ndiyo muuzaji anaita kemikali. Dawa hiyo huchelewesha. Wiki sita chini ya turubai hazikutegemewa.

#14 Kausha Mjini
Kumbe kuna shule humu. Narudisha kauli yangu ya #2 nusu.

#15 Tarimo wa Geji
Wote mmesahau swali la kwanza, geji. Bati jembamba lina zinki hafifu, mchezo unaanzia hapo. Geji 28 ni 0.4, geji 30 ni 0.35. Pima kwa maikromita, kile kifaa cha kupimia unene, kabla ya kulaumu turubai.

#16 Mpima Mashaka
#15 unapotosha. Geji ya waya ya Kiingereza, 28 ni milimita 0.376, 30 ni 0.315, 32 ni 0.274. Namba ikipanda bati linashuka. Hiyo 0.4 yako inatoka kwenye geji ya Birmingham ya mabamba, ambako 28 ni 0.397. Zipo geji zaidi ya moja na kila duka linachagua inayolifaa siku hiyo. Ndiyo maana mimi siulizi geji, nauliza milimita, na nauliza milimita za chuma kitupu au za chuma pamoja na mipako.

Na unene wa bati hauhusiani na wingi wa zinki. Zinki huhesabiwa kwa gramu kwa mita ya mraba, pande zote mbili kwa pamoja. Ukiona bati limeandikwa Z275 ni gramu 275, kila upande unapata maikroni 19 hivi (maikroni ni milimita moja ugawe kwa elfu). Z100 ni kama maikroni 7. Unaweza kuwa na bati nene lenye zinki ya kuonjesha.

#17 Tarimo wa Geji
Sawa, nimesahihishwa. Lakini duka moja nililoingia, jina kapuni, geji 28 yao niliipima ikasoma 0.28. Nikamuuliza kijana, akaniambia kwa uso mkavu, "si ndiyo ishirini na nane hiyo, mzee."

#18 Nyundo ya Mpira
😂😂😂 Kijana ana akili huyo, apewe duka.

#19 Mpima Mashaka
Ndiyo mchezo wenyewe huo, 0.28 ni jirani na geji 32. Mkuu #1, kama huna maikromita tumia mizani. Mita moja ya mraba ya chuma cha milimita moja ni kilo 7.85. Pima uzito wa bati, gawa kwa eneo, gawa kwa 7.85, unapata milimita. Bati la mita 3 lililokunjwa kutoka bapa la upana wa milimita 914, likiwa 0.315, litakuwa kilo 6.8 hivi.

#20 Mzee wa Kenchi
Angalizo kwa hesabu ya #19. Upana upimwe ukifuata migongo, siyo kwa kukata juu kwa juu. Chukua uzi, ulaze ukipanda na kushuka kila mgongo, kisha uunyooshe kwenye futi.

#21 Dada wa Hadiwea
Uzi ndani ya uzi. Endeleeni.

#22 Msomaji wa Kale
Kapumziko kidogo. Mhandisi Henry Robinson Palmer alipewa hataza ya bati la migongo London mwaka 1829, na wakati huo halikuwa na zinki. Kuchovya chuma kwenye zinki ya moto kulisajiliwa na Mfaransa Stanislas Sorel mwaka 1837. Akaliita jina linalotokana na Galvani, yule Mtaliano wa miguu ya vyura na umeme, ingawa kwenye birika hakuna waya wala chura. Kwa hiyo mwalimu #10 usihuzunike, hata wenzetu walilipa jina la mtu mwingine.

#23 Mla Chaki
Nimefarijika. Bado kutu nyeupe siikubali.

#24 Mpangaji Mstaafu
Nimerudi, asanteni wote. Nimefanya kazi ya nyumbani.

Nimebeba bati 10 hadi kwa muuza chuma chakavu, ana mizani ya uhakika. Kilo 61. Akaniuliza nauza kwa shilingi ngapi, nikamwambia bado zina ndoto. Urefu ni mita 3, upana kwa uzi wa #20 ni sentimita 90. Mtoto kapiga hesabu kapata 0.288.

Pili, nimegeuza bati moja moja na kuangalia maandishi ya wino mgongoni. Mengine yana herufi AZ, namba imefutika. Mengine hayana AZ kabisa. Muuzaji aliniuzia kama kitu kimoja.

#25 Koili ya Usiku
Aaa! Sasa nieleweni. AZ siyo zinki tupu. Ni mchanganyiko, alumini 55 kwa 100 ya uzito, zinki 43 na ushee, silikoni kidogo. Ulianza kuuzwa na Bethlehem Steel ya Marekani mwaka 1972, huku wengi wanauita aluzinki. Huo ukibanwa na maji mara nyingi haufanyi unga mweupe, unakuwa mweusi au kijivu cha mkaa. Mpangaji, nenda kaangalie, yenye kingo nyeusi ni yale ya AZ?

#26 Mpangaji Mstaafu
Mengi ndiyo. Lakini manne yenye AZ yana unga pia. Na moja lisilo na AZ lina weusi.

#27 Kausha Mjini
Shule imeungua.

#28 Koili ya Usiku
Yakilaliana hupakana. Unga wa bati la juu hubaki kwenye la chini, lifute uone kama bati lenyewe limeliwa au limepakwa tu. Na zinki tupu ikiachwa sana huwa na madoa ya kijivu cheusi. Nikiwa na koili mbele yangu ningekuambia, kwa simu siwezi kuapa.

#29 Bibi Maua
Mnisamehe mimi siyo fundi. Mama yangu alituambia bati zuri ni lile lenye maua makubwa yanayometa, kama barafu iliyopasuka. Haya ya siku hizi hayana maua, ndiyo yanaoza. Mbona hakuna anayesema hilo?

#30 Koili ya Usiku
Shikamoo Bibi. Maua yale ni zinki ikiganda kwa vipande. Yalikuwa makubwa kwa sababu birikani kulikuwa na risasi kidogo, yaani madini ya risasi. Risasi ni sumu, viwanda vingi vimeipunguza, maua yakawa madogo au yakapotea. Uimara unatokana na gramu za zinki. Hata aluzinki ina maua yake, madogo madogo.

#31 Bibi Maua
Marahaba. Lakini la mama lipo hadi leo na lako #1 halijapanda juu.

#32 Nyundo ya Mpira
Hapo Bibi kashinda kwa KO.

#33 Mzee wa Kenchi
Bibi ana hoja kwa njia nyingine. Bati la zamani lilikuwa nene na zinki ya kutosha, hatukuwa tunashindana kwa bei. Vilevile lilikuwa laini. Haya mapya ukikunja kwenye kofia ya paa yanapasuka, mteja anadhani gumu ndilo nene.

#34 Mpima Mashaka
Sahihi. Chuma kikishabanwa baridi kinakuwa kigumu, na kuna mabati huuzwa hivyo bila kulegezwa sawasawa tanuruni. Linavumilia kukanyagwa likiwa jembamba, ila halitaki kukunjwa kona kali. Ugumu na unene ni vitu viwili.

#35 Mfugaji wa Chanika
Naomba kuingiza langu. Banda la kuku 600, niliezeka aluzinki 2021 kwa ushauri wa duka kwamba inadumu kuliko zinki. Juu safi, chini imeliwa kama imepigwa na panya. Ni hiyo AZ feki?

#36 Dada wa Hadiwea
Siyo feki, ni mbolea. Ile harufu inayokutoa machozi bandani ni amonia, na ikichanganyika na unyevu inaila alumini. Soma karatasi za dhamana za aluzinki, mabanda ya mifugo mara nyingi yametolewa nje. Ongeza madirisha, na ukibadilisha usirudie ileile. Nasema hivi nikiwa muuzaji, mnione nina roho.

#37 Mfugaji wa Chanika
Hakuna aliyenionyesha karatasi. Asante.

#38 Tarimo wa Geji
Turudi kwa #1. Mbao zako ni za dawa? Zile za kijani kutoka Mafinga? Dawa yake ina shaba, mbao zikiwa mbichi au zikilowa na kugusa zinki inaila. Inawezekana kingo nyeusi zinatoka hapo.

#39 Mpangaji Mstaafu
Mbao zilikuwa bado hazijafika, ndiyo chanzo cha mkasa wote. Kuhusu vibonyeo, nimepima, vinajirudia kila sentimita 126.

#40 Koili ya Usiku
Hilo sasa ni la kiwandani, turubai halihusiki. Rola ikishika punje ya kitu kigumu inapiga chapa kila inapozunguka. Gawa 126 kwa 3.14, unapata 40. Kuna rola ya kipenyo cha sentimita 40 mahali fulani ilikuwa na uchafu. Sisi tulikuwa tunatembea na futi kando ya laini kumsaka mhalifu hivyo hivyo. Ila kama chapa ilipigwa kabla bati halijabanwa mara ya mwisho, umbali umerefuka na hesabu inadanganya. Kama zinki haijapasuka kwenye kibonyeo, ni sura tu, ezeka.

#41 Mpima Mashaka
Na 0.288 mnaiachaje? Geji 30 ni 0.315, hata ukichukua geji ya zamani ya waya ya Birmingham, siyo ile ya mabamba, ni 0.305. Ameibiwa.

#42 Dada wa Hadiwea
Kiwanda kina kiwango chake cha kupungua na kuzidi, na amepima kwa mizani ya chuma chakavu. Halafu AZ ni nyepesi kuliko zinki. Usimwite mtu mwizi kwa tofauti ya 0.02.

#43 Mpima Mashaka
Kuzidi sijawahi kukuona, kila siku ni kupungua.

#44 Mpangaji Mstaafu
Kuna kitu sikuwaambia, mke wangu kanikumbusha baada ya kusoma uzi huu. Juu ya turubai niliweka mifuko miwili ya simenti kuzuia upepo. Mmoja ulipasuka. Na turubai lina tundu.

#45 Koili ya Usiku
Mpangaji!! Simenti ikilowa inaila alumini na zinki vyote viwili. Weusi upo chini ya lile tundu?

#46 Mpangaji Mstaafu
Upo upande ule. Lakini upo na upande mwingine pia.

#47 Mzee wa Kenchi
Sikiliza kijana. Tenganisha zote, anika kivulini penye upepo. Sugua kwa brashi ya nailoni na maji safi, siyo ya waya, siyo mchanga, na limao achia pilau. Ukisugua ukakuta chini bado kuna rangi ya fedha au kijivu laini, ezeka. Ukikuta wekundu, usipandishe hilo, funikia kuni.

#48 Mpangaji Mstaafu
Nimesugua 30 hadi magharibi. Safi 24, wasiwasi 4, wekundu 2. Muuzaji kakubali kubadilisha mawili hayo, "kwa ubinadamu tu, siyo kwamba ni kosa langu." Fundi bado anasema ni feki.

#49 Mtu wa Bububu
Na chumvi je?

#50 Kausha Mjini
Zimebaki 54. Kesho nakuja na brashi yangu, Kibaha sehemu gani? Na chai iwepo.